Mji wenye vidole vitano majini

Haya ndiyo maneno niliyoyasema Jumamosi jioni hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kando ya ziwa Kivu, katika ukumbi wa parokia, mbele ya wakaaji wa kartie zetu, yaani mitaa yetu, wanafunzi wa ujenzi na wakubwa wa avenyu. Wengi walizuiwa na mvua, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu yalivyotoka mdomoni. Ramani nilizokuwa ninaonyesha ukutani nimeziondoa. Palipokuwa na ramani nimeeleza kwa maneno.

Jambo yenu! Jambo yenu tena, maana wale wa mlangoni hawakuitika.

Wazee wetu bashamuka, wamama, wababa, vijana mliosimama kwa kukosa viti: aksanti kwa kuja na mvua hii. Padri, aksanti kwa ukumbi, na aksanti zaidi kwa jenereta, tukijua mafuta yanauzwaje siku hizi.

Kabla sijasema lolote, nipandishieni mikono. Nani amefika hapa na gari lake mwenyewe? Naona watano. Mmoja ni padri, na lile gari ni la parokia, basi wanne. Nani amekuja na taksi? Haya. Nani amepanda moto, yaani pikipiki? Mko wengi, na matope mgongoni yanawashuhudia. Sasa, nani amekuja kwa miguu?

Wapendwa, geukeni muangalie nyuma yenu. Karibu ukumbi mzima.

Basi niulize. Kila tukikutana kuzungumza habari ya usafiri wa Bukavu, kwa nini tunaanza na gari? Tunaanza na barabara ipanuliwe, lami imwagwe, ambuteyaji, ule msongamano wa magari pale Feu Rouge, iondolewe. Mikutano ya namna hiyo nimehudhuria tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na karibu yote ilizungumzia shida za watu wanne. Ninyi wengine wote mlikuwa wapi? Mlikuwa njiani, mnatembea.

Mimi ni mpimaji wa ardhi. Zaidi ya miaka thelathini nimetembea mji huu na kamba, vigingi, na kile chombo cha miguu mitatu ambacho watoto wa Cimpunda wanadhani ni kamera ya televisheni. Sikuja na dawa ya kila ugonjwa. Nimekuja na wazo moja tu: Bukavu tayari ina njia kuu mbili, na zote mbili hatuzihesabu kuwa njia. Ya kwanza ni vichochoro na ngazi za milimani. Ya pili ni ziwa. Tumeligeuzia ziwa mgongo, tumevila vichochoro, halafu tunalalamika kwamba mji hauna pa kupita.

Angalieni mji wetu umekaa namna gani. Umekaa kama mkono wa mtu aliyeinama kuchovya vidole majini. Vidole ni zile peninsule tano, yaani rasi zinazoingia ziwani. Kiganja ni katikati ya mji, Nyawera na jirani zake. Kisha mkono unapanda, unapanda, hadi Kadutu na zaidi. Wakati wa Wabelgiji, mji ukiitwa Costermansville kwa jina la ofisa wao mmoja, kwenye vidole walikaa wazungu na upepo wao mzuri wa ziwa. Kwenye kiganja ziliwekwa ofisi na maduka. Mwafrika alipewa Kadutu, mlimani, na miaka ya 1950 ile Office des Cités Africaines ikamjengea Bagira, mbali kidogo. Asubuhi alishuka kufanya kazi, jioni alipanda kulala. Ndivyo walivyoupanga.

Sasa semeni kweli, wapendwa. Leo asubuhi mlifanya nini? Mlishuka. Na jioni? Mlipanda. Bendera ilibadilika, jina la mji likabadilika, mtu wa Kadutu bado anashuka asubuhi na kupanda jioni kwa njia ileile. Tofauti ni kwamba mji ule ulichorwa kwa ajili ya makumi ya maelfu ya watu, na sisi tumepita milioni.

Mtu ataniambia: basi pasua barabara mpya. Wapi? Upande mmoja bonde, upande wa pili nyumba, chini ya nyumba udongo wenyewe hautulii. Nendeni Funu mkaone kuta zinavyopasuka, mlango ulionyooka mwaka jana leo haufungiki. Ardhi ya kule inatembea, polepole, bila kuuliza mtu. Na wale waliokuwa hapa tarehe 3 Februari 2008 wanakumbuka Jumapili ile tetemeko lilivyotutikisa. Mji huu hauvumilii mtu anayeukata hovyo na tingatinga. Sikatai barabara. Nasema tu kwamba hata tukizitengeneza zote, bado asilimia kubwa ya ukumbi huu itakuja kwa miguu.

Sasa niwasimulie habari ya jeneza.

Nilikuwa kijana, nina miaka michache tu katika kazi, nikafiwa na jirani kule Kadutu. Mzee wa watu, alinifundisha kucheza bao. Kichochoro cha kwake nilikijua tangu utotoni. Tulikuwa tunakipita watoto watatu kwa mstari mmoja, tumeshikana mikono, tukienda kuchota maji robine. Siku ya mazishi tukambeba. Tulipofika kwenye kona ya pili, wa mbele akasimama. Tukamuuliza kuna nini. Akasema, halipiti.

Jeneza halikugeuka kwenye kona. Tukajaribu kuliinamisha ubavu, halikupita. Mtu akashauri tulisimamishe wima. Mjane alikuwa nyuma yetu, akasikia, akauliza kwa sauti ndogo sana: "Mnataka kumsimamisha?" Hakuna aliyejibu. Mwishowe tukampitisha juu ya ukuta, tukakatiza uani kwa watu, tukakanyaga bati la jiko likabonyea. Tulimtoa mzee wetu kama mtu anayetoroka na mzigo usiku.

Na mwenye jiko lile lililosogea hadi njiani? Alikuwa mmoja wetu. Alikuwa ameshika mguu wa kushoto wa jeneza.

Wiki iliyofuata nilirudi na kamba yangu. Kwenye kona ile nilipata sentimita 80. Kwenye mchoro wa zamani, njia ile ilikuwa na mita 3. Nawauliza: nani aliiba mita mbili na sentimita ishirini? Msitafute mwizi, hayupo. Huyu alisogeza jiko hatua moja. Yule akaongeza choo. Mwingine akaegemeza kibanda cha kuuzia unga, "kwa muda tu". Na wa kutoa karatasi alikuwepo pia, karatasi mbili, tatu kwa parseli moja ya ardhi, kila moja na mhuri wake. Siwataji watu; nami katika kazi yangu nimeona mihuri ya kutosha kujua kwamba wino haupanui ardhi. Kichochoro kililiwa kama mkate mezani kwa watoto, kila mmoja kipande kidogo, hadi yakabaki makombo, na kwenye makombo hayo ndipo tunapopita na wagonjwa, na wajawazito, na marehemu wetu.

Na moto je? Mnakumbuka moto wa Nyamugo. Sisemi upi, kwa sababu imekuwa mingi. Gari la kuzima moto likija, linasimama barabarani, tumbo limejaa maji, na nyumba zinawaka juu kule ambako haliwezi kupanda. Watu wanapitishiana ndoo kwa mikono. Tafakarini kidogo: mji uliokaa ndani ya ziwa unaungua kwa kukosa maji.

Vijana wa ujenzi mnapenda mifano ya nje, basi chukueni mmoja. Kule Colombia kuna mji unaitwa Medellín. Milima, mvua, matofali na bati, nyumba zimepandana mabegani. Wengi wa wale wa milimani walikimbia vita vijijini wakajijengea walipopata nafasi, kama vile kwetu walivyokuja watu wa Shabunda, wa Walungu, wa Kalehe. Mwaka 2004 mji ule ulifungua vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, vinampandisha mtu mlimani kutoka kwenye treni ya mjini. Mwaka 2011 wakaweka ngazi za umeme nje, katikati ya nyumba za maskini. Dunia nzima ikaenda kupiga picha.

Kijana mmoja aliniambia: "Papa, tuweke waya kutoka Nyawera hadi Kadutu!" Mnacheka. Mimi pia nilicheka. Umeme ukikatika, watu wa Kadutu watabaki angani wanasali rozari hadi asubuhi.

Lakini tusicheke tukaacha somo pale. Waya wa Medellín haukusimama peke yake. Waliuunganisha na treni. Kuzunguka vituo wakajenga ngazi za kawaida, shule, maktaba, viwanja vya watoto. Waya ndio unaopigwa picha. Ngazi ndizo zinazotumika. Na ngazi sisi tunaweza. Ngazi haihitaji umeme, haihitaji mafuta, haihitaji dereva. Mawe tunayo, waashi tunao, na hao waashi wengine wamekaa hapa mstari wa tatu.

Ninayoitaka si ile ya mifuko ya udongo inayooshwa na mvua ya kwanza. Nataka ngazi ya upana wa mita 3. Chuma cha kushika mkono. Mtaro wa maji kando, wenye kifuniko. Taa ya jua kwenye kila kona. Na kitu kimoja ambacho katika ramani zote nilizopitia sijakiona hata siku moja: kiegemeo.

Kiegemeo ni nini? Wamama wanaobeba mizigo wananielewa. Mama ana kilo hamsini mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, anapanda kutoka ziwani. Akichoka, hawezi kutua. Akitua chini, nani atamsaidia kuinua tena? Kwa hiyo anatafuta ukuta, jiwe, boneti ya gari la mtu, aegemeze mzigo tu, apumue, aendelee. Niliwauliza wenyewe pale ufukoni Muhanzi: kingekuwa cha kimo gani? Walicheka kwanza. Walidhani ninawatania, hawajawahi kuulizwa swali la namna hiyo na mtu mwenye kalamu. Kisha mmoja akasimama, akapiga mkono chini kidogo ya kiuno chake: hapa. Nikapima. Nikampima wa pili, wa tatu, wa nne. Inazunguka sentimita 70. Basi kila vipandio thelathini, jiwe la sentimita 70. Huo nao ni mpango wa mji, ndugu zangu. Pengine ndio sehemu iliyopimwa vizuri kuliko zote katika maisha yangu ya kazi.

Tumegusa mtaro, tusiuruke. Kuanzia Septemba hadi Mei ngazi zetu zinageuka mito. Maji yanashuka na kila kitu: chupa za plastiki, mifuko, viatu vya mguu mmoja. Yanaingia mto Kawa. Kawa unatema ziwani. Na ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi. Pale mlangoni kuna nini? Kuna bwawa la Ruzizi ya kwanza, linalotupa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Uchafu unajikusanya mbele ya bwawa kama zulia, mtu anaweza kudhani atapita juu yake kwa miguu, na wafanyakazi wanaopoa takataka ili mitambo isisongwe. Wakati mwingine inasongwa. Chupa uliyoitupa asubuhi ndiyo inayokuzimia taa jioni.

Msinipigie makofi, ninajua taa huzimika kwa sababu nyingine nyingi pia.

Sasa tushuke ziwani.

Siku moja nilikuwa na kazi Bagira asubuhi, na saa nane nilitakiwa Labotte, kwenye moja ya zile peninsule. Nikapanda taksi. Tukafika mahali, lori limelala katikati ya njia. Taksi nyuma ya taksi, moto katikati ya taksi, kila mtu anapiga honi kana kwamba lori linaogopa kelele. Nilifika saa kumi na nusu, mwenyeji wangu ameondoka. Jioni nikamsimulia rafiki yangu mvuvi wa sambaza, wale samaki wetu wadogo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Kwani ziwa lilikuwa limefungwa?"

Wiki iliyofuata alinipakia kwenye mtumbwi wake wenye mota. Barabara kutoka Bagira inajipinda, inapanda, inazunguka kila ghuba. Maji hayazunguki. Yanakata moja kwa moja. Kwa muda wa kama nusu saa nilikuwa Labotte, na nguo kavu. Nilikaa juu ya jiwe nikajisikia mjinga. Miaka yote ile nilikuwa nikichora ziwa kwa rangi ya buluu, na kwenye ramani buluu maana yake ni mwisho wa mji. Kumbe buluu ndiyo barabara pana kuliko zote tulizo nazo, haina mashimo, na hakuna anayeweza kusogeza jiko juu yake.

Naona mama pale anatikisa kichwa. Mama, ninajua unachofikiri. Unafikiria wafu wetu.

Tusiwapite kimya. Aprili 2019, boti ilizama upande wa Kalehe, watu wengi sana wakapotea. Rais Tshisekedi alifika kule mwenyewe, akaagiza jile, yaani jaketi za kuokolea, ziwe lazima. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti nyingine iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na ufuko wa Kituku, Goma. Karibu kabisa! Watu wa nchi kavu waliiona ikiinama. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara na kila mtu alikimbilia maji. Wangapi walikuwa ndani? Hiyo ndiyo aibu iliyonichoma: familia zilikuwa zinahesabu kwa machozi, kwa sababu orodha ya kuaminika haikuwepo. Mtu anakata tiketi ya kufa bila jina lake kuandikwa popote.

Je, ziwa ndilo lililowaua? Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka, wakafa watu 272. Watu wa Mombasa hawakuacha kuvuka. Hadi leo pale Likoni wanavuka mamia ya maelfu kila siku, na mtembea kwa miguu halipi kitu. Maji ni yaleyale. Wanaopaswa kubadilika ni wanaojaza chombo na wanaokiacha kiondoke.

Halafu sisi wa Bukavu tuna bahati ambayo hatuisemi. Ghuba yetu imezungukwa na mikono ya nchi, mawimbi yake si ya katikati ya ziwa. Kina chake ni kama mita 100, wakati huko kaskazini ziwa linafika karibu mita 480, na ile gesi ya metani inayotutia hofu imelala kwenye vilindi vile, si hapa mlangoni kwetu. Mimi sizungumzii safari ya usiku hadi Goma. Hiyo ni kazi ya meli kubwa na watu wa bandari. Ninazungumzia taksi ya maji ndani ya ghuba: Bagira, Muhanzi, Nguba, Labotte. Mchana tu. Boti ndogo zenye viti vinavyohesabika, na kiti kikijaa, boti inaondoka. Jina la kila abiria kwenye daftari mbili, moja inabaki gatini. Jile inavaliwa mwilini. Ile iliyofungwa chini ya kiti ni ya kuonyesha polisi, haimwokoi mtu. Na upepo ukiinuka, tunakaa chini tunakunywa chai.

Wamotari, ninyi wa pikipiki, msininunie. Mnafikiri boti zitawanyang'anya abiria? Nani atampandisha abiria kutoka gatini hadi nyumbani kwake? Kila gati litakuwa na kituo cha moto. Mtabeba watu safari fupi fupi nyingi, badala ya kukaa saa nzima kwenye moshi wa lori la mtu.

Lakini kuna ukuta kati yetu na maji. Sisemi kwa mafumbo, nasema ukuta wa matofali.

Nilijifunza kuogelea kwenye kipande kimoja cha ufuko nisichokitaja. Kulikuwa na jiwe kubwa la kurukia, wamama wakifua pembeni, jioni wavuvi wakitoka na ile mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, taa zimewashwa, wanaimba ili wapige kasia kwa pamoja. Nilimpeleka mjukuu wangu akaone. Tukakuta lango la chuma. Mlinzi akatoka, kumbe ni mtoto wa kartie yetu, ananijua. Akaniambia kwa heshima kabisa: "Mzee, huku ni kwa mtu." Nikamuuliza: na ziwa lile nyuma yako, nalo ni la mtu? Maskini, aliangalia chini. Mjukuu wangu akaniuliza jiwe liko wapi. Nikamwambia liko nyuma ya ukuta. Akasema, basi unaniambia uongo, hakuna jiwe.

Wangapi hapa wana watoto wanaoliona ziwa kila asubuhi kutoka dirishani na hawajawahi kulichovya mguu? Pandisheni mikono. Mnaona.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya nchi hii ni mali ya Taifa, haihamishiki. Tulicho nacho sote, tajiri na maskini, ni haki ya kutumia. Kwa hiyo kuomba njia ya kufika majini si kumwonea mtu wivu wa nyumba yake. Sisemi tubomoe majumba. Mimi nina umri wa kujua kubomoa kunaanzia kwa nani: kunaanza kwa mama wa kibanda, na kunachoka kabla hakujafika kwenye lango la chuma. Nasema: katika kila kidole cha mkono huu, njia moja tu ya watu wote hadi majini, upana wa mita 3, yenye jina na kibao. Njia tano. Na mahali pamoja pa kukaa jioni. Zanzibar wana bustani ya Forodhani mbele ya bahari, iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jioni watu wanakula, watoto wanaruka majini, na tajiri na mchuuzi wanapigwa na upepo mmoja. Sisi tuna sambaza za kukaanga kuliko mtu yeyote duniani, tunakosa pa kuzilia.

Pesa? Nilijua mtauliza, na sitakaa sana hapo. Pale ufukoni leo mama anayeshuka na mananasi ya kisiwa cha Idjwi anatozwa hiki, anatozwa kile, halafu anatua mzigo kwenye matope. Anatozwa kwa kupewa nini? Mimi ninaomba tuanze na gati moja, Muhanzi, na pesa zinazokusanywa pale zirudi pale: jiwe la kukanyaga, paa, choo, mizani, ubao wa bei, viegemeo hadi barabarani. Gati moja likifanya kazi, la pili litadaiwa na watu wenyewe. Tukianza na mpango wa mabilioni tutapata warsha tatu, soda, na picha ya pamoja.

Na vichochoro havihitaji hata hiyo bajeti. Vinahitaji mimi nirudishe jiko langu, nawe urudishe la kwako. Nani ataanza? Sijui kama mnakumbuka yule mwenye jiko, aliyeshika mguu wa jeneza. Mwezi mmoja baada ya mazishi alikuja kwangu usiku, akaniomba kamba. Alikata ukuta wake mwenyewe kwa shoka, siku mbili. Jirani yake wa mbele akamwangalia siku ya kwanza. Siku ya pili akatoka na nyundo. Kona ile leo ina mita mbili na nusu. Bado inadaiwa nusu mita, na mwenye nusu mita ile yuko ndani ya ukumbi huu, ameinamisha kichwa, simtaji.

Basi Jumamosi ijayo ni salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi. Badala ya kufagia majani tu, tukutane saa moja asubuhi chini ya zile ngazi za sokoni Kadutu. Kamba ninayo, ya mita 30. Wanafunzi, njooni na daftari na chokaa. Tutapanda tukipima kila kona, tutaandika ukutani kwa chokaa mchoro wa zamani unadai kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Hatubomoi cha mtu. Tunaandika namba tu, kila mtu aamke nayo mlangoni kwake.

Wamama wa Muhanzi wamesema watakuja wanne, na mizigo yao, ili tujaribu viegemeo viwili ambavyo mwashi wa mstari wa tatu ameahidi kuvijenga kabla ya hapo. Ameahidi mbele ya padri.

Njooni na viatu vya matope.